Ukomohedhi na upangaji uzazi: Sindano ya mwisho ni lini?

NGOINGWA, Thika

Mwanamke wa miaka 48 anayeishi Ngoingwa, mtaa ulio kando ya barabara itokayo mjini Thika kuelekea Mang'u, anakabiliwa na swali ambalo mamake mzazi hakulazimika kulijibu. Kila baada ya miezi mitatu yeye hudungwa sindano ya kupanga uzazi. Hajaona hedhi kwa miaka sita. Usiku huamka amelowa jasho, mchana hukasirishwa na mambo madogo, na usingizi umemhama. Je, hedhi yake imezuiwa na sindano au imekomeshwa na umri? Na akiacha kwenda kudungwa mwezi ujao, atakuwa salama au atajikuta mjamzito akiwa na miaka 49?

Mwanamke huyo ni wa mfano tu, lakini hali yake ni ya kweli na inawahusu wengi katika Thika, Ruiru na miji mingine ambako wanawake wa makamo wametumia njia za kisasa za kupanga uzazi kwa miaka kumi na zaidi. Elimu ya upangaji uzazi aghalabu huelekezwa kwa wasichana na kina mama vijana. Mazungumzo kuhusu ukomohedhi, kwa upande wake, huanza pale mwanamke anapokuwa amekwisha kukoma. Baina ya pande hizo mbili pana kipindi cha takriban miaka kumi ambacho hakina mwenyewe, na ndicho kipindi ambacho maamuzi magumu hufanywa kwa kubahatisha.

Pengo hilo lina historia yake. Mnamo 1967, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara kuanzisha mpango wa kitaifa wa uzazi. Hata hivyo, mwongo mmoja baadaye, utafiti wa kitaifa wa 1977-78 ulionyesha kwamba mwanamke Mkenya alitarajiwa kuzaa watoto wanane kwa wastani, na ni asilimia saba tu ya wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kuzuia mimba. Wanawake wa kizazi hicho waliishi katika mzunguko wa mimba, kunyonyesha, kisha mimba tena, hadi mwili wenyewe ulipofunga mlango. Si ajabu kwamba Kiswahili humwita mtoto wa mwisho kitinda mimba, na Wakikuyu, ambao ndio wengi katika sehemu hizi, humwita kwa jina lenye maana ya yule aliyelifunga tumbo. Tumbo lilifungwa na maumbile, na mtoto wa mwisho alijulikana baada ya miaka kupita bila mwingine kufuata.

Mambo yamebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba kiwango cha uzazi kilikuwa kimeshuka hadi watoto 3.4, na asilimia 57 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa. Sindano iliongoza kwa asilimia 20, ikifuatwa kwa karibu na vipandikizi kwa asilimia 19 na tembe kwa asilimia nane. Mwanamke wa leo huamua mwenyewe nani atakuwa kitinda mimba, na mara nyingi huamua akiwa na miaka 33 au 35. Kutoka hapo hadi ukomohedhi kuna miaka 15 au zaidi ya kujikinga. Mamake hakumwachia mafunzo yoyote kuhusu safari hiyo, kwa sababu hakuipitia.

Mwili hauzimi kwa siku moja

Neno lenyewe, ukomohedhi, bado halijazoeleka vinywani. Limo katika magazeti na vitabu vya sayansi, ilhali watu wengi husema kukatika au kukoma kwa hedhi, au huzunguka kwa kusema kwamba fulani "haendi tena mwezini". Kwa madaktari, hata hivyo, neno hili lina mpaka ulio wazi: ni siku ambapo mwanamke ametimiza miezi 12 mfululizo bila kuona hedhi, pasipo sababu nyingine kama vile ujauzito, kunyonyesha, ugonjwa au dawa. Kwa maneno mengine, ukomohedhi hutambuliwa baada ya kupita. Hakuna mwanamke anayeweza kusema leo kwamba hedhi aliyoiona juzi ndiyo ya mwisho.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema wanawake wengi hufikia hatua hiyo kati ya miaka 45 na 55. Ikitokea kabla ya miaka 40, hiyo ni hali inayohitaji uchunguzi wa daktari, kwani mwanamke hupoteza mapema mno homoni zinazolinda mifupa na moyo wake. Aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia katika ukomohedhi papo hapo, hata kama ana miaka 30. Aliyeondolewa mfuko wa uzazi pekee hataona hedhi tena, lakini ovari zake huendelea kufanya kazi, na dalili za ukomohedhi huenda zikamfikia miaka kadhaa baadaye.

Chanzo cha yote ni akiba ya mayai. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yote atakayokuwa nayo maishani. Kadiri miaka inavyopita, akiba hiyo hupungua, na ovari hupunguza utoaji wa homoni za estrojeni na projesteroni. Upungufu huo haushuki kama maji yanayofungwa kwenye mfereji. Huyumba. Mwezi mmoja estrojeni huwa juu kuliko kawaida, mwezi ufuatao huwa chini. Ndiyo maana katika miaka ya kukaribia ukomo hedhi huja baada ya siku 21, kisha baada ya siku 60, mara nyingine ikiwa nyepesi, mara nyingine ikimwagika kwa wingi hadi mwanamke akapungukiwa na damu.

Dalili nazo hutofautiana. Wapo wanaopita kipindi hiki bila usumbufu wowote. Wapo wanaopatwa na mafukuto, yaani joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni na kufuatwa na jasho. Wengine hukosa usingizi, husahau, huhuzunika pasipo sababu, huumwa na viungo, hupata ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liwe la maumivu, au huambukizwa mara kwa mara katika njia ya mkojo. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza 1996 na kufuatilia wanawake zaidi ya 3,000 ulipata kwamba mafukuto ya mara kwa mara yalidumu kwa wastani wa miaka 7.4, na kwa wanawake weusi yalidumu takriban miaka kumi. Takwimu za huko haziwezi kuhamishiwa Kiambu moja kwa moja, lakini zinatosha kuiondoa ile dhana kwamba hali hii ni ya miezi michache ya kuvumilia.

Tahadhari moja haina budi kutolewa hapa. Si kila jasho la usiku ni la ukomohedhi. Katika nchi ambako kifua kikuu bado ni tatizo, mwanamke anayetoka jasho usiku huku akikohoa kwa zaidi ya wiki mbili na kupungua uzani anafaa kupimwa makohozi kabla ya jingine lolote. Matatizo ya tezi ya thairoidi pia huleta joto, mapigo ya moyo ya haraka na mabadiliko ya hedhi. Hali kadhalika, mwanamke aliyekosa hedhi akiwa na miaka 46 anafaa kupimwa ujauzito kwanza. Kipimo hicho cha mkojo hupatikana katika maduka mengi ya dawa mjini Thika.

Mimba ya miaka 46

Uwezo wa kushika mimba hupungua sana baada ya miaka 40, lakini haukatiki hadi ukomohedhi utimie. Tatizo ni kwamba yai halitoki tena kwa ratiba inayotabirika. Mwanamke huona miezi minne imepita bila hedhi, akajihesabu kuwa amekoma, akatupa tembe zake. Mwezi wa tano yai moja linatoka.

Matokeo yake si mzaha. Baada ya miaka 45, zaidi ya nusu ya mimba huharibika. Hatari ya mtoto kuzaliwa na hali ya Down hufikia takriban mmoja kati ya 30, ikilinganishwa na mmoja kati ya karibu 1,000 kwa mama wa miaka 30. Shinikizo la damu la ujauzito, kisukari cha ujauzito, kujifungua kwa upasuaji na kuvuja damu baada ya kujifungua huongezeka vilevile. Katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilionyesha vifo 355 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, hatari hizo si za vitabuni. Fauka ya hayo, mimba ya umri huu mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekomaa, kwa kuwa mhusika alidhani kichefuchefu, uchovu na kukosa hedhi ni dalili za uzee.

Si kusema kwamba kila mimba ya umri huo huwa na mwisho mbaya, wala kwamba haiwezi kutamaniwa. Wapo walioolewa wakiwa wamechelewa na wanaomwomba Mungu mtoto. Hao wanahitaji daktari wa magonjwa ya wanawake mapema iwezekanavyo, kwani kila mwezi una thamani. Makala haya yanawahusu zaidi wale ambao wamekamilisha uzazi na hawataki kurudi nyuma.

Kuchagua njia baada ya miaka 40

Umri peke yake haumzuii mwanamke kutumia njia yoyote. Kinachozuia ni maradhi yanayoandamana na umri: shinikizo la damu, kisukari, unene wa kupindukia, kuganda kwa damu kwenye mishipa, na maumivu makali ya kichwa yanayotanguliwa na kumetameta kwa macho. Ndiyo sababu kupima shinikizo la damu kabla ya kupewa dawa ya uzazi si jambo la hiari katika umri huu. Mwanamke asipopimwa, na adai kupimwa.

Tembe za kawaida zenye homoni mbili, estrojeni na projestojeni, zina manufaa makubwa kwa mwanamke mwenye afya: hurekebisha hedhi inayoyumba, hupunguza damu na hutuliza mafukuto. Lakini hazifai kwa mwenye shinikizo la damu, anayevuta sigara akiwa amepita miaka 35, au aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Wataalamu wa Uingereza, ambao miongozo yao kuhusu umri huu ni ya kina, hushauri tembe hizo ziachwe mtu anapofika miaka 50. Zipo tembe za homoni moja tu, projestojeni, ambazo ni salama zaidi kwa wenye maradhi hayo, ingawa zinahitaji nidhamu ya kumezwa saa ile ile kila siku.

Sindano, maarufu kama Depo, inastahili kujadiliwa kwa kirefu kwa kuwa ndiyo iliyoongoza nchini katika utafiti wa 2022. Ni rahisi, haionekani na mtu, na haimdai mwanamke kukumbuka jambo kila siku. Wengi huacha kuona hedhi baada ya mwaka mmoja, jambo ambalo huwafurahisha waliokuwa wakisumbuliwa na damu nyingi. Ila ina mambo matatu ya kuzingatiwa baada ya miaka 40.

Kwanza, hupunguza uzito wa mifupa wakati inapotumiwa. Kwa msichana, mifupa hurejea hali yake baada ya kuacha. Kwa mwanamke anayeacha sindano akiwa na miaka 50 na kuingia moja kwa moja katika ukomohedhi, ambao nao hudhoofisha mifupa, nafasi ya kurejea ni ndogo. Hii ndiyo sababu kuu ya kushauriwa kubadilisha njia anapokaribia miaka 50. Pili, sindano hufunika dalili. Mwanamke asiyeona hedhi kwa sababu ya dawa hawezi kuihesabu miezi 12 ya ukomo. Tatu, watafiti wa Ufaransa walichapisha Machi 2024, katika jarida la BMJ, matokeo yanayohusisha matumizi ya sindano hii kwa zaidi ya mwaka mmoja na ongezeko la meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo ambao kwa kawaida si saratani. Uvimbe huo ni nadra, na kwa mtu mmoja mmoja hatari inabaki kuwa ndogo, lakini mwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha au anayeanza kuona vibaya asipuuze.

Dai kwamba sindano huongeza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya ukimwi liliwahi kuwatia wasiwasi wengi. Utafiti uliohusisha wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, ambao matokeo yake yalitolewa Juni 2019, haukupata tofauti kubwa ya maambukizi baina ya waliotumia sindano hiyo, kipandikizi na koili ya shaba. Washiriki walikuwa na umri wa miaka 16 hadi 35, na wote walikumbushwa kwamba hakuna hata moja kati ya njia hizo inayozuia maambukizi.

Vipandikizi, vile vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, hukinga kwa miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Havihusishwi na kudhoofika kwa mifupa kama sindano. Kasoro yake ni damu isiyo na mpangilio, ambayo katika umri huu huweza kumchanganya mgonjwa na daktari wake. Isitoshe, baadhi ya dawa hupunguza nguvu zake: rifampisini ya kifua kikuu, dawa kadhaa za kifafa, na efavirenzi iliyokuwa ikitumiwa sana na wanaoishi na virusi vya ukimwi. Anayetumia dawa yoyote ya muda mrefu na aitaje bila kuona haya.

Koili ya shaba, ambayo vitabu huiita kitanzi, haina homoni. Ikiwekwa baada ya miaka 40, inaweza kuachwa mahali pake hadi ukomohedhi, hata kama miaka kumi iliyoandikwa kwenye kadi imepita. Hakuna njia inayomfaa zaidi mwanamke anayetaka kujua hedhi yake imekoma lini hasa, kwani haifichi chochote. Lakini huongeza damu ya hedhi, na mwanamke ambaye tayari anavuja kwa wingi kwa sababu ya faibroidi, uvimbe wa mfuko wa uzazi ulio wa kawaida sana kwa wanawake weusi, ataiona mateso.

Kwa mwanamke wa namna hiyo ipo koili yenye homoni. Hupunguza damu kwa kiasi kikubwa, hutumiwa kama tiba ya hedhi nzito, na aina yenye miligramu 52 za homoni ikiwekwa baada ya miaka 45 huaminiwa kuzuia mimba hadi miaka 55. Haipatikani kwa wingi kama ile ya shaba, na anayeitaka huenda akalazimika kuulizia katika vituo kadhaa.

Kufunga mirija ni kwa wale walioamua kabisa. Kwa aliyefika miaka 47, faida ya upasuaji huo hupungua kwa kuwa miaka iliyobaki ni michache. Mume naye anaweza kufungwa mirija ya mbegu kwa upasuaji mdogo wa dakika chache usiohitaji kulala hospitalini, japo wanaume wa Kenya wanaokubali ni wachache mno.

Hali ya kutatanisha zaidi ni ya wanaofuata mbinu za asili. Waumini wengi wa Kanisa Katoliki huzitegemea kwa ajili ya imani yao, na hospitali za kanisa hilo hufundisha hizo pekee. Hesabu ya siku na upimaji wa joto la mwili hutegemea mzunguko unaotabirika, na ndio unaopotea kwanza mwanamke anapokaribia ukomo. Aliyezitumia kwa mafanikio miaka 20 huenda akakosea katika mwaka wa 21. Anayezishikilia anafaa kurudi kwa mwalimu wake wa mbinu hizo afundishwe upya kusoma dalili za mwili uliobadilika, na azidishe siku za kujizuia.

Tembe za dharura, zinazojulikana mitaani kama P2, ni za dharura. Humezwa ndani ya saa 72, na mapema ndivyo bora. Kuzitumia kila mwezi kama njia ya kudumu ni kujinyima kinga bora kwa gharama kubwa zaidi.

Lini kuacha?

Kanuni zinazotumiwa na madaktari si ngumu. Asiyetumia homoni yoyote, yaani mwenye koili ya shaba, kondomu au mbinu za asili, huacha kujikinga baada ya mwaka mmoja bila hedhi iwapo amepita miaka 50. Ikiwa hedhi ya mwisho aliiona kabla ya miaka 50, husubiri miaka miwili, kwa sababu ovari za umri huo huweza kuamka tena.

Anayetumia tembe za homoni moja, kipandikizi au koili ya homoni hawezi kutegemea hedhi. Anaweza kuendelea hadi miaka 55 kisha akaacha bila kupimwa, kwani mimba ya kawaida baada ya umri huo ni nadra kupindukia. Au, akishapita miaka 50 na haoni hedhi, anaweza kupimwa damu kuangalia homoni ya ubongo inayoziamrisha ovari, iitwayo FSH. Ikizidi kiwango cha 30, huendelea na kinga kwa mwaka mmoja zaidi na kuacha. Kipimo hicho hakina maana kwa anayemeza tembe za homoni mbili, kwa kuwa tembe hizo huipotosha FSH. Wala si cha kuharakishiwa kwa mwanamke wa miaka 42: homoni hiyo hupanda na kushuka, na pesa hutumika bure.

Kosa jingine linaloleta madhara ni kuchanganya dawa za uzazi na homoni za kutibu ukomohedhi. Homoni za tiba zina kiwango kidogo kinachofidia upungufu wa mwili. Hazizuii mimba. Mwanamke wa miaka 48 aliyeandikiwa homoni kwa ajili ya mafukuto bado anahitaji kinga, isipokuwa kama sehemu ya projestojeni anaipata kutoka kwa ile koili ya miligramu 52, ambayo hufanya kazi zote mbili na hubadilishwa kila baada ya miaka mitano inapotumiwa hivyo. Mwenye mfuko wa uzazi asipewe estrojeni peke yake, kwani huweza kusababisha saratani ya ukuta wa mfuko huo.

Homoni za tiba zimeogopwa tangu Julai 2002, wakati utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 16,608 ulipositishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Habari hiyo ilienea ulimwenguni na wanawake wakazitupa dawa. Haikutiliwa mkazo kwamba wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka kumi kabla. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu kukoma, faida kwa kawaida huzidi hatari. Mnamo Novemba 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuwa itaondoa sehemu kubwa ya onyo kali lililokuwa kwenye pakiti za dawa hizo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au ugonjwa mkali wa ini bado hushauriwa kuziepuka. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa ajili ya ukavu ni suala jingine; kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo mno.

Wasiotaka homoni wana njia nyingine. Zipo dawa za mfadhaiko ambazo kwa dozi ndogo hupunguza mafukuto, na tiba ya mazungumzo husaidia usingizi. Kupunguza pombe, kahawa na pilipili, kulala chumba chenye hewa na kuvaa nguo za pamba husaidia wengine. Maziwa, ambayo Kiambu haina uhaba wake, pamoja na omena, mboga za majani na mwendo wa miguu wa nusu saa kila siku huisaidia mifupa. Dawa za mitishamba zinazouzwa kwa ahadi ya "kurudisha ujana" hazijathibitishwa, na baadhi hugongana na dawa za shinikizo la damu.

Damu baada ya ukomo

Jambo moja halisubiri. Mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, aende hospitalini wiki hiyo hiyo. Hedhi haijarudi. Mara nyingi chanzo huwa ni ukavu au uvimbe mdogo usio na madhara, lakini huenda ikawa ni saratani ya mfuko au ya mlango wa uzazi, na saratani ya mlango wa uzazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi nchini miongoni mwa saratani zote. Anayevuja damu baada ya tendo la ndoa pia asikae. Uchunguzi wa mlango wa uzazi unapendekezwa kwa wanawake wa miaka 25 hadi 49, na safari ya kliniki kwa ajili ya kubadilisha njia ya uzazi ni nafasi nzuri ya kuufanyiwa.

Kwa mkazi wa Ngoingwa, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni Thika Level 5, ambayo hupokea pia wagonjwa wanaotumwa kutoka vituo vidogo vya sehemu hizo. Kwa mujibu wa sera, njia za kupanga uzazi hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Hata hivyo, tangu Januari 2025, Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa vidhibiti mimba duniani, iliposimamisha misaada yake, ni busara kuuliza mapema kama njia inayotakiwa ipo kuliko kufika siku ya mwisho ya sindano.

Mwanamke wa mfano wetu, basi, hana haja ya kuacha sindano mwezi ujao kwa kubahatisha. Akiwa na miaka 48, akipimwa na kupatikana kuwa hana shinikizo la damu lililopanda sana wala hatari nyingine, anaweza kuendelea nayo hadi karibu na miaka 50, au kubadilisha sasa ili aanze kuisaidia mifupa yake. Jasho lake la usiku linaweza kutibiwa wakati huo huo. Si lazima lisubiri ukomohedhi utangazwe rasmi. Akiamua kuhamia koili ya shaba au kondomu, kadi yenye tarehe ya sindano ya mwisho na ihifadhiwe, kwa sababu baada ya Depo hedhi huweza kuchukua miezi mingi kurejea, wakati mwingine mwaka mzima, hata kwa mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi, na daktari atataka kujua hesabu ilianzia wapi.